Ashkrimu ya Ndizi ya Majivu

Jumatatu, 19 Januari 2009

Salha katema sasa hivi. Nimempa ashkrimu ya machungwa ya dukani, ile ya kijiti, maana nesi alisema vitu vya baridi vitampoza mdomo. Kalamba mara moja, akafumba macho, akaitema kwenye mkono wa sweta langu pamoja na mate mazito na damu kidogo. Halafu akanipapasa pale palipochafuka, akasema, "Sorry, Mami." Mtoto wa miaka minne na nusu ananiomba radhi kwa kuumwa kwake.

Nimenunua daftari hili kwa sababu mambo ni mengi na kichwa changu hakiyashiki. Daktari anasema, mie naitikia tu, nikirudi kwenye kiti nimeshasahau nusu. Basi niandike. Salha ana saratani ya damu. Tumelazwa wodi hii tangu baada ya Krismasi. Dawa inapigana na ugonjwa lakini imemchubua mdomo wote, kuanzia ulimi mpaka kooni. Hagusi chakula. Leo kapimwa kilo kumi na nne na nusu. Daktari kasema akishuka chini ya kumi na nne watampitishia mpira wa chakula puani.

Novemba, tulipolazwa mara ya kwanza, walishampitishia. Akautapika, pua ikamtoka damu, na tangu siku ile akiona mtu kavaa glavu anajifunika shuka gubigubi. Kwa hiyo kazi yangu ni moja. Ale kwa mdomo wake.

Nimemuuliza, unataka nini, mwanangu? Kasema anataka ndizi ya majivu ya Dadi.

Jumatano, 21 Januari

Ndizi ya majivu ni ya kwao Rajab, babake Salha, huko Pemba. Msimu wa karafuu watu wanahamia kambini huko mashambani, na jioni wakishachambua karafuu zao wanazunguka moto, wanafukia ndizi mbivu na maganda yake kwenye majivu mpaka ganda liwe jeusi. Wakilipasua wanamimina tui zito na sukari mle mle ndani, wanakula kwa kijiko. Mie mtoto wa Ng'ambo, mjini Unguja, kambi ya karafuu sijaiona. Lakini Rajab kamzoesha mwanawe hapa hapa Edmonton, London, kwa jiko la mkaa nyuma ya nyumba, kila Jumapili ya kiangazi, na jirani anafunga madirisha yake kwa kishindo.

Ya moto haipiti mdomoni. Nimefikiri usiku kucha, kwa nini nisiigandishe? Leo Rajab alipokuja kushika zamu yake asubuhi, nikarudi nyumbani, nikachoma ndizi kwenye oveni, nikazimiminia tui la kopo, nikatia friza. Imekuwa jiwe. Nimegonga kwa mwiko, mwiko umevunjika.

Alhamisi, 22 Januari

Mvua. Kanywa maji, vijiko vinne.

Jumamosi, 24 Januari

Kwenye kitanda cha jirani kaletwa msichana wa miaka sita, Lila, ana uvimbe tumboni wanataka kuutoa. Yuko na bibi yake, mama wa Kihindi mwenye sari na soksi nene. Nilikuwa nalalamika peke yangu kwa Kiswahili, nasema ndizi hii nayo ina laana gani, nikasikia nyuma yangu:

"Laana haina, mwanangu. Wewe umetia tui la maji maji."

Nilikaribia kumwaga chai. Anaitwa Bi Vasanti, anakaa Harrow, lakini kazaliwa Hurumzi, Unguja. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Waliondoka baada ya mapinduzi, yeye ana miaka kumi. Kiswahili chake kimebaki cha siku zile, ana maneno nilikuwa nayasikia kwa marehemu nyanya yangu tu.

"Shikamoo, bibi," nikamwambia, nikamweleza na mie ni wa Ng'ambo.

"Marahaba. Sasa sikiliza. Tui ulichemshe mpaka libaki nusu, likae zito kama malai ya maziwa. Sukari usiionee choyo, sukari ndiyo inaifanya iwe laini. Na kila nusu saa uitoe uikoroge. Ukiiacha peke yake inanuna."

Tumecheka. Mie sijacheka tangu mwaka mpya.

Jumatatu, 26 Januari

Nimefanya alivyosema. Nimeponda ndizi, nimechemsha tui likapungua, nimekoroga mara tano, nikatia kwenye vikombe vidogo na vijiti. Imetoka laini. Nesi mkuu kakubali niweke kwenye friza ya jikoni kwa wazazi, mradi niwe nimechemsha kila kitu na niandike jina.

Salha kalamba mara mbili. Akanitazama, akasema kwa Kiingereza chake, "Hii si ya Dadi. Hii haijaingia motoni."

Kweli. Ya oveni haina moshi.

Kilo kumi na nne nukta tatu.

Jumatano, 28 Januari

Niandike na hili, maana limenikaa rohoni. Rajab anakuja saa mbili asubuhi akitoka ghalani kwenye kazi yake ya usiku. Anakaa kwenye kiti na koti lake, mikono mifukoni, anatazama dirisha. Hamshiki mtoto. Hambusu. Salha anamnyooshea mkono na yeye anamwambia, "Pumzika, mama." Leo nimemwambia, "Baba Salha, huyu ni mtoto wako au wa jirani?" Kaendelea kutazama dirisha. Nimempata mume wa chuma.

Alhamisi, 29 Januari

Nimetia karafuu ya unga, kidogo tu, ncha ya kisu. Nilikumbuka kwetu ukiumwa jino unatafuna karafuu, panakufa ganzi. Nikaona nitampa utamu na dawa pamoja. Imemchoma. Kalia mpaka nesi wawili wakaja mbio. Mie mjinga. Jino ni jino na kidonda ni kidonda.

Ijumaa, 30 Januari

Kumi na nne nukta moja.

Jumapili, 1 Februari

Bi Vasanti kanifukuza. "Nenda kaoge, ubadili na hiyo sweta. Wote wawili nitawatazama mimi." Rajab leo hana kazi, alikuwa hajafika, nikadhani kalala.

Nimefika nyumbani nasikia harufu ya mkaa tangu mlangoni. Nimetoka uani. Baridi inakata masikio, theluji ndiyo inaanza kudondoka, na Rajab kachuchumaa mbele ya jiko, mwavuli kauegemeza begani, anageuza ndizi kwenye majivu kwa koleo.

"Umesema haijaingia motoni," kasema bila kugeuka.

"Si mie, ni Salha."

"Ndiyo. Nilimsikia."

Nikachuchumaa pembeni. Nikamuuliza lile lililokuwa limenikaa. Kwa nini humshiki? Kageuza ndizi zote sita kwanza. Halafu kanionyesha viganja. Vimepasuka kwa baridi na maboksi, vina weusi usiotoka hata kwa brashi. Kasema siku ya kwanza nesi alieleza kwamba mtoto hana kinga, kijidudu kidogo tu cha mkononi kinaweza kumuua. Tulisikia wazazi wote wa wodi, lakini yeye alilisikia kama ameambiwa yeye peke yake. "Nikimgusa nikamuua je, Mama Salha?"

Wiki tano namwita chuma moyoni.

Tumezimenya ndizi pamoja. Nyama yake ilikuwa rangi ya asali, inanuka moshi. Nimechemsha tui, tumekoroga kwa zamu, yeye mara moja, mie mara moja. Nimerudi wodini kwa basi la mwisho kabla hayajasimama. Ashkrimu ilikuwa haijaganda bado, nimeiacha kwa Rajab.

Jumatatu, 2 Februari

Leo nitaandika yote, hata lile la kuniaibisha.

London yote imezama kwenye theluji. Mabasi hayatembei, hakuna hata moja. Rajab kafika saa nne, katembea kwa miguu kutoka Edmonton, masaa mawili na nusu, ndevu nyeupe. Kwenye mfuko wa plastiki ana vikombe vinane vya ashkrimu kavizungushia theluji. "Leo barabara yote ni friza," kasema. Nikamwambia nenda jikoni kwa wazazi ukapate chai na kulala kidogo, miguu yake ilikuwa haina hisia.

Nikampa Salha. Kalamba. Akaacha kidogo. Nikasubiri ateme. Akalamba tena, akaishika mwenyewe, akasema, "Hii imeingia motoni." Kala polepole, kama robo saa, machozi yanamtoka kwa maumivu lakini haachi. Kaimaliza nzima! Wiki mbili na zaidi hajamaliza kitu.

Sasa Lila. Alikuwa anatazama. Bi Vasanti katoka kwenda kupiga simu, maana wazazi wa Lila wamekwama Harrow. Lila alikuwa anasubiri upasuaji wake saa saba. Juu ya kitanda chake kuna karatasi nyekundu. Niliiona, na nilijua inasema asile. Sitaandika uongo humu. Lakini mtoto anatazama. Kwetu huwezi kumlisha mwanao mtoto wa mwenzio anatazama ukamnyima, kile chakula hakimfai aliyekila. Ndilo nililoogopa. Siku ya kwanza Salha anakula, halafu kimgeukie kwa sababu ya choyo changu? Nikasema moyoni, barafu ni maji tu. Nikafungua kikombe cha pili, nikamvunjia Lila kipande, kama kidole gumba. Akafurahi, akasema, "Thank you, Auntie."

Saa sita na nusu wamekuja kumchukua. Nesi kamuuliza, leo hujala kitu, eh? Mtoto mkweli. Akaninyooshea kidole mie.

Upasuaji umefutwa. Wamesema tui na ndizi ni chakula, akilazwa usingizi tumboni kuna chakula kinaweza kumpanda kikaingia mapafuni. Daktari wa upasuaji naye alikuja kwa miguu kwenye theluji hiyo hiyo kwa ajili yake. Nafasi nyingine ni Jumatatu ijayo.

Bi Vasanti alipoelezwa kaja mpaka kitini kwangu.

"Umempa?"

"Nilimpa, bibi. Alikuwa anatazama."

"Nyie watu wa Ng'ambo!" Sauti yake ikajaa wodi nzima. "Mlitutoa kwetu na nguo za mwilini tu, mie mtoto wa miaka kumi. Leo tena? Na mjukuu wangu pia?"

Mie mwaka ule sijazaliwa, hata mama yangu alikuwa mtoto wa kubebwa. Lakini hilo sikulisema. Nikasema, nisamehe. Akavuta pazia baina ya vitanda.

Nesi mkuu kasema kuanzia leo hakuna chakula kutoka nyumbani. Vikombe sita vilivyobaki wamevitupa mbele yangu.

Jumanne, 3 Februari

Pazia limefungwa. Salha kaomba ya jana. Nikamwambia imekwisha. Kasema, "Dadi atengeneze nyingine." Nikamwambia subiri.

Jumatano, 4 Februari

Maji. Vijiko vitatu.

Alhamisi, 5 Februari

Kumi na nne kamili. Nimekwenda kwa nesi mkuu, nimeomba kwa Kiingereza changu kibovu, nimeomba na kwa mikono. Kasema anaelewa, lakini sheria ni sheria, Jumatatu ingeweza kuwa msiba. Siwezi kumchukia. Alisema kweli.

Ijumaa, 6 Februari

Kumi na tatu nukta nane.

Wamekuja nesi wanne. Mmoja wa mpira, mmoja wa kichwa, mmoja wa miguu. Wa nne alitaka kushika mikono, Salha akamng'ata glavu, basi wakaniambia mie, kwa mama atatulia. Nikamshika mikono. Nimeihisi mifupa yake yote. Hakupiga kelele, mdomo hauwezi. Alinitazama tu, muda wote ule mpira unapita, macho hayapepesi, kama anayetaka kukumbuka sura. Nilikuwa namwimbia, sijui nilikuwa naimba nini.

Walipomaliza wakasema hongera. Sasa chakula kinapita puani, maziwa rangi ya krimu, tone tone.

Rajab kafika, kauona mpira, katoka nje. Nimemfuata ngazini. Alikuwa analia kaziba mdomo kwa kofia.

Jumapili, 8 Februari

Salha hasemi. Hataki nimguse. Nikikaa kulia anageukia kushoto.

Jumatatu, 9 Februari

Lila kaondoka saa tatu kwenda kupasuliwa, karudi saa kumi. Nyuma ya pazia nimesikia daktari anaeleza taratibu, halafu Bi Vasanti kwa Kigujarati, neno moja lile lile mara nyingi. Hawakuutoa wote. Umeshikamana na mshipa mkubwa.

Siku saba. Tangu saa kumi nazihesabu siku saba nilizomcheleweshea. Uvimbe unakua kwa siku saba kiasi gani? Nani wa kumuuliza?

Jumatano, 11 Februari

Nilikuwa jikoni kwa wazazi, nasuuza kikombe kimoja tena na tena. Bi Vasanti kaingia, kafunga mlango.

"Nimemuuliza daktari," kasema. "Nimemuuliza mara mbili. Kasema Jumatatu ile au hii, kingekuwa kile kile. Si siku saba."

Nikafunga bomba. Akanivutia kiti.

"Na lile neno nililokutupia mbele za watu," kasema, "lina miaka arubaini na tano kifuani, mwanangu. Lilikuwa linatafuta pa kutokea. Wewe ulikuwa karibu tu."

"Nilikosa, bibi. Niliiona ile karatasi."

"Ulikosa. Nimekasirika na bado nina hasira, usidhani zimekwisha. Lakini mama yangu Hurumzi alikuwa na sahani pembeni, kila siku, ya mtoto yeyote atakayesimama mlangoni. Angekuwa yeye wodini humu angefanya yale yale, na mie ningemgombeza vile vile."

Hatukukumbatiana. Kanipa kitambaa cha karatasi akachukua kimoja chake. Mchana nikamwona kasimama na nesi mkuu, anazungumza Kiingereza kirefu, mkono kiunoni. Jioni nimeitwa. Nimeruhusiwa tena kuleta chakula. Nimetia saini kwamba sitampa mtoto mwingine kitu chochote bila kuuliza. Nimesaini kwa mkono mzito.

Ijumaa, 13 Februari

Rajab kachoma, kaleta. Nimempelekea Salha mdomoni. Kageuza uso ukutani. Si ndizi anayoikataa. Mkono ule ule uliomshika ndio unaomletea kijiti, kwa nini auamini?

Jumamosi, 14 Februari

Kageuka.

Jumapili, 15 Februari

Kageuka. Daktari kasema vidonda vinapona vizuri, kazi ni yeye kukubali. Kasema mtoto akikaa muda mrefu na mpira, mdomo unaweza kusahau kula, na wengine wanachukua miezi kurudi. Na mpira hautoki mpaka ale mwenyewe.

Jumanne, 17 Februari

Wanampeleka Lila nyumbani Harrow. Watamtibu kwa dawa, watajaribu. Bi Vasanti alipokuwa anakunja blanketi nikamsaidia upande wa pili. Lila kaja kitandani kwa Salha kumuaga, kamwekea stika ya kipepeo kwenye mpira, pale unapobandikwa shavuni. Salha hakuitoa.

"Mwombee," Bi Vasanti kaniambia. "Kwa dini yako, mie nitamwombea wako kwa yangu. Tusichague."

Kitanda kimetandikwa shuka jipya kabla hawajafika kwenye lifti.

Alhamisi, 19 Februari

Rajab kaomba ruhusa kazini leo, mara ya kwanza. Kafika asubuhi na vikombe vinne. Nikamwambia, leo mpe wewe. Akarudi nyuma. "Mikono, Mama Salha." Nikampeleka kwenye sinki, nikamkunjia mikono ya shati kama mtoto, tukaosha pamoja, sabuni mara tatu, mpaka viwiko. Nesi kijana akapita, Rajab akamnyooshea viganja akamuuliza kwa Kiingereza, hii inatosha? Nesi akavitazama, hata hakucheka, akasema, "Inatosha, bwana. Ilikuwa inatosha siku zote."

Nikawaacha. Nimeona nikibaki Salha ataiona sura yangu atageuka. Nimekuja huku jikoni kwa wazazi, nimekaa karibu na friza, naandika ili mikono isikae bure. Ni nusu saa sasa. Sijasikia kilio. Sijasikia chochote. Nimejiambia hata akilamba mara moja tu, nitaridhika, na hata akikataa, angalau babake kamgusa. Naongopa, sitaridhika. Nataka ale. Nataka mpira ule utoke, nataka nimrudishe Edmonton kabla ya kiangazi, jirani afunge madirisha yake apendavyo. Nataka aniangalie tena

Rajab yuko mlangoni ananiita. Kijiti kakishika juu, kitupu, kimelambwa mpaka kimekuwa cheupe, na anasema Salha anauliza kama Mami anakuja.